Lori la korosho lisiende mchangani mikono mitupu

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa Mtwara, na ambalo bila shaka linawagusa pia wenzetu wa Lindi, Ruvuma, Rufiji na kila mahali ambapo lori huacha lami na kuingia katika njia ya mchanga au ya tope. Jambo lenyewe ni vifaa vya kulinasua gari lililokwama, na vyombo vya kuitia msaada. Nimeshika usukani wa malori mkoani humu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninayoyaandika ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza sina budi kutoa shukrani pale zinapostahili. Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi safari ya Dar es Salaam ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukilala siku nyingi Ndundu kungoja pantoni ya Rufiji. Mwaka 2010 likafuata Daraja la Umoja pale Mtambaswala, linalotuunganisha na ndugu zetu wa Msumbiji. Hayo ni maendeleo na hakuna anayeyakataa.

Lakini, Ndugu Mhariri, korosho hailimwi juu ya lami. Inalimwa Mahurunga, Kitaya, Nanyamba, Madimba na vijiji vingine ambavyo njia zake ni za vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Ukishuka pwani, kuelekea Msimbati na maeneo ya mlango wa mto Ruvuma, utakutana na mchanga mlaini unaomeza tairi hadi kwenye ekseli. Ukiingia bonde la Ruvuma, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukinyeshewa saa moja tu hugeuka ulimbo. Reli iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya mradi wao wa karanga, kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na ikang'olewa. Tangu hapo mzigo wa mkulima wa huku unategemea lori.

Sasa tuitazame kalenda. Msimu wa korosho huanza Oktoba. Mvua zetu huanza Desemba. Kwa hiyo mizigo ya mwisho ya msimu karibu kila mwaka husafirishwa njia zikiwa zimekwisha haribika. Tangu mpango wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu katika msimu wa 2007/2008, korosho lazima ifike ghala kuu, ipimwe na inadiwe ndipo mkulima aone fedha yake. Lori likikwama siku tatu bondeni, fedha ya mkulima nayo imekwama siku tatu. Turubai likivuja na korosho ikilowa, daraja lake hushuka, na hasara haimwendei mwenye lori peke yake. Isitoshe, Januari ndio mwezi wa sare na madaftari. Mzazi anayengoja malipo hawezi kumwambia mwalimu kwamba ada ya mwanawe imezama tope njiani.

Je, lori likikwama hutokea nini? Mara nyingi dereva hukanyaga mafuta kwa hasira. Tairi huchimba shimo, na gari huketi kwa tumbo. Kisha utingo hutumwa kijijini kwa miguu kutafuta vijana wa kusukuma na mtu mwenye mnyororo. Msimu mmoja nilikuta lori la namna hiyo katika njia ya bondeni, limebeba korosho, na ndani halikuwa na hata beleshi moja. Mnyororo ulioazimwa ulikuwa mfupi, wakauunga kwa nati na bolti. Lori jingine lilipovuta kwa kishindo kiungo kile kilikatika, na kipande cha chuma kikampiga kijana mmoja mguuni. Mfupa ulivunjika. Palikuwa hakuna simu inayoshika mahali pale, wala njia nyingine yoyote ya kuita gari la wagonjwa. Kijana yule alibebwa kwa machela ya miti usiku kucha. Alikuwa amekuja kusaidia kwa ujira wa soda.

Nasema ajali kama hiyo inaweza kuzuilika, tena kwa vifaa ambavyo havihitaji fedha za kigeni nyingi. Kila lori linaloingia njia mbaya liwe na mabeleshi mawili, jembe, panga, mbao mbili nene za kuweka chini ya tairi, jeki pamoja na ubao wa kuikalisha ili isizame, mnyororo au kamba imara ya kuvutia yenye urefu wa kutosha, pingu za chuma za kuungia ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo, kipimo cha upepo wa tairi, na glavu za ngozi. Hivyo ndivyo vya lazima. Mwenye uwezo aongeze winchi.

Kifaa cha kwanza cha kujinasua mchangani, hata hivyo, hakiuzwi dukani. Ni kupunguza upepo wa tairi. Tairi lililoshiba upepo hukata mchanga kama kisu, lakini ukilipunguza kwa kadiri hutanuka na kuukanyaga mchanga kama mguu wa ngamia. Jambo hili lifanywe kwa kipimo, hasa gari likiwa na shehena, na ukishapunguza uende polepole, kwani tairi laini likikimbizwa hupata joto na kupasuka. Ukifika penye njia ngumu ujaze tena. Malori yenye breki za upepo yanaweza kujaza tairi zake yenyewe kwa mpira unaounganishwa na mtungi wa hewa. Madereva wengi wanalijua hili, ila mpira wenyewe hawana.

Pili, sisi watu wa pwani tunao ujuzi ambao hatuutumii barabarani. Baharia wa jahazi anajua kwamba kamba ikipitishwa kwenye kapi, watu wachache huinua foromali nzito. Winchi ni hivyo hivyo. Waya ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa mbele, na ncha yake ikarudishwa na kufungwa kwenye gari lenyewe, nguvu ya kuvuta huwa karibu maradufu ingawa mwendo hupungua kwa nusu. Vile vile baharia anajua nanga. Pwani ya Msimbati mahali pasipo na mti wa kufungia, tairi la akiba likizikwa vizuri mchangani, mbele ya gari, huwa nanga ya kulivuta gari litoke.

Hapa niwaombe madereva jambo moja kwa niaba ya wakulima. Tafadhali msifunge mnyororo mtupu kwenye mkorosho wa mtu. Mnyororo huchubua gome hadi mti hukauka, na mkorosho mmoja ni kipato cha familia kwa miaka mingi. Fungeni kwa mkanda mpana, chini kabisa karibu na shina, na mwenye shamba aombwe kwanza. Kwenye mikoko msifunge kabisa. Mikoko ni hazina inayolindwa kwa sheria, na tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma limekuwa hifadhi ya bahari.

Tatu, usalama wa watu. Waya au kamba iliyokazwa ni sawa na upinde uliovutwa. Ikikatika hairudi nyuma kwa upole. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, watoto na watazamaji waondolewe, wasimame mbali kupita urefu wa kamba yenyewe. Hakuna ruhusa kuruka waya uliokazwa. Katikati ya waya liwekwe gunia lenye mchanga kidogo au blanketi zito, ili ukikatika uanguke chini. Mnyororo usivutwe kwa kushtua, maana hauna mnyumbuko. Na mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Watu kumi wakipiga kelele kwa pamoja, dereva atamsikia nani?

Sasa nije kwenye mawasiliano. Wengine watasema simu za mkononi zimemaliza tatizo hili. Kwa kweli zimesaidia sana. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote imekuwa ikisukuma ujenzi wa minara vijijini, na Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 nchini. Hata hivyo simu hutegemea mnara, na malori yana tabia ya kukwama mabondeni ambako mnara hauonekani. Huku mpakani simu yaweza pia kudaka mtandao wa nchi jirani, ukala salio lako kabla hujamaliza kueleza uko wapi. Tena simu humwita mtu mmoja tu ambaye huenda amelala. Redio ya mawasiliano, ile ambayo zamani tuliiita simu ya upepo, ikitumiwa kwenye mkondo mmoja, husikiwa na kila aliye karibu mwenye chombo kama hicho. Dereva aliye kilomita chache nyuma yako ndiye mwenye kamba, na ndiye unayemhitaji.

Yafaa wananchi waelewe kwamba redio hizi si za aina moja. Zile ndogo za mkononi husafirisha sauti kwa njia iliyonyooka, karibu na upeo wa macho. Penye vilima au ndani ya bonde hufika kilomita chache tu. Ile inayofungwa ndani ya gari na kuwa na antena ndefu juu hufika mbali zaidi. Na zipo za masafa marefu, ambazo mawimbi yake hupanda angani na kurudishwa chini, hata mtu wa Mtwara akamsikia wa Dodoma. Hizi ndizo zilizotumiwa kwa miaka mingi na misheni na vituo vya mbali. Kwa malori yetu hizo za gari zingetosha, endapo kituo cha kupokezana kingewekwa mahali pa juu. Mungu ametujalia uwanda wa Makonde. Mtu akisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde la Ruvuma liko lote chini ya macho yake. Palipo na macho, redio nayo hupita.

Lakini natoa tahadhari. Redio si ya kununua gulioni na kuanza kupayuka. Masafa ni mali ya taifa, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Sisi wa mpakani tuna sababu ya ziada ya kufuata sheria. Vurugu za Cabo Delgado zilizoanza mwaka 2017 zilivuka mto Oktoba 2020 na kijiji cha Kitaya kikashambuliwa. Mtu anayezungumza hewani bila kibali katika eneo kama hilo anawatia mashaka walinzi wetu na anajitia mwenyewe hatarini. Kwa upande wa pili, mtandao wa madereva wanaojulikana, wenye kibali na nidhamu, ungeweza kuwa jicho la ziada kwa vyombo vya ulinzi na usalama.

Nidhamu hiyo si ngumu. Anayeita ajitaje, aseme yuko wapi, amebeba nini, kama kuna majeruhi, na anahitaji nini. Kisha anyamaze asikilize. Aliyekwama afungue redio kila saa kamili kwa dakika chache, halafu aizime kutunza betri. Soga za mpira na siasa zibaki kijiweni.

Najua wenye malori watauliza: gharama alipe nani? Jibu langu ni kwamba kitu kisichowezekana kwa mtu mmoja huwezekana kwa ushirika, na vyama vya msingi tunavyo. Kila chama kinunue seti moja ya vifaa vya kunasulia, kiiweke ghalani pamoja na redio yenye kibali, na kichague vijana wachache wafundishwe kuvitumia. Lori linalokuja kuchukua korosho likaguliwe langoni, kama vile askari wa barabarani anavyokagua kizima moto na pembetatu. Lisilo na vifaa liazime kwa kuandikisha na kurudisha. Vijana wanaoitwa usiku kusukuma walipwe ujira unaojulikana, si soda.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya njia za vijijini tu. Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, na safari za kusini zikasimama. Lami nayo hukatika.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vikuu vya ushirika, halmashauri zetu na TCRA wakae pamoja kabla ya Oktoba, si baada ya Desemba. TCRA watueleze kwa Kiswahili chepesi namna chama cha msingi kinavyoweza kupata kibali cha redio. Vyama vikuu viweke vifaa hivi katika masharti ya zabuni ya usafirishaji. Nao madereva wenzangu wasingoje kulazimishwa; beleshi na mbao mbili hazihitaji kikao.



Mzee wa Usukani,
Mikindani, Mtwara.