Maji ya Kilombero na vazi la mwogeleaji

Katika triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, maji hupimwa kabla mtu hajaruhusiwa kuingia. Saa moja kabla ya mashindano, waamuzi huteremsha kipimajoto hadi kina cha sentimita 60, katikati ya njia ya kuogelea na sehemu nyingine mbili. Kipimo cha chini kuliko vyote ndicho kinachoamua mavazi. Kwa wanamichezo wa daraja la juu, maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, vazi la mpira ni marufuku. Kwa wanaoshindana kwa makundi ya umri, mpaka huo ni nyuzi 22 katika mita 1500.

Vazi hilo hushonwa kwa neopreni, mpira uliojaa viputo vidogo vya gesi. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, na viputo hivyo hupunguza kasi hiyo. Pia humwelesha mwogeleaji, ndiyo maana unene hauruhusiwi kuzidi milimita 5. Kwenye maji ya moto mambo hugeuka: misuli inazalisha joto, nalo halina pa kutokea. Oktoba 2010 Mmarekani Fran Crippen alifariki akiogelea mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, katika maji ya moto. Baadaye shirikisho la kuogelea duniani liliweka kikomo cha nyuzi 31.

Sasa tuje Ifakara, katika bonde la Kilombero. Mji uko mita 250 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na maji ya bonde ni ya uvuguvugu karibu mwaka mzima. Kwa kanuni hizo, vazi la mpira lingekataliwa hapa mapema sana. Lakini kipimajoto hakiulizi ndani ya maji mna nini, na Kilombero hilo ndilo swali lenyewe.

Anayepandikiza mpunga huinama kwenye jaruba kwa saa nyingi, suruali au kanga imekunjwa juu ya magoti, miguu imezama kwenye tope. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi, zaidi wakati wa mchana jua likiwaka, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Ugonjwa huu si mgeni bondeni. Katika miaka ya 1980 watafiti waliuchunguza Kikwawila, jirani na Ifakara. Shule za Wilaya ya Kilombero ndizo zilizoonyesha kwamba dodoso fupi, walimu wakiwauliza watoto kuhusu kichocho na damu kwenye mkojo, linatosha kutambua shule zenye hatari kubwa. Kazi hiyo nzuri ilitegemea walimu na uaminifu wa watoto zaidi ya maabara.

Kuna pia homa ya Mgunda, inayoletwa na bakteria walio kwenye mkojo wa panya na mifugo. Bakteria hao huingia kupitia mikwaruzo, macho na mdomo. Juni 1998, baada ya mvua kubwa, triathloni iliyofanyika katika ziwa la Springfield, Illinois, iliwaachia wanamichezo wengi homa hiyo. Waliomeza maji ya ziwa walikuwa hatarini zaidi. Vazi la mpira halizibi mdomo. Kwetu, Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa homa ya Mgunda ndiyo iliyokuwa ikiua watu mkoani Lindi.

Sioni sababu ya ngozi ya mwanamichezo kuandikiwa kanuni hadi nyuzi na milimita, huku ya mkulima ikiachwa bila hata ushauri. Gambuti husaidia pale maji yasipozidi urefu wake. Yakizidi hujaa, na tope huing'ang'ania. Kufunika vidonda kabla ya kuingia shambani kunawezekana kwa kila mtu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini si ile michanga, kwa hiyo anayerudi majini kila msimu huihitaji tena.

Na homa ikikushika msimu wa mpunga, kipimo cha malaria kikasema huna, usiondoke zahanati kabla ya kumwambia mganga kwamba unashinda kwenye majaruba. Homa ya Mgunda hutibika kwa antibiotiki za kawaida kama doksisaiklini, hasa ikiwahiwa kabla haijafika kwenye figo na ini.