Nguzo Ndani ya Mzizi wa Jino: Kwa Nini Nyingine Hudumu na Nyingine Huchomoka

Katika vituo vya kutolea huduma za afya nchini, matibabu ya meno yanayofanyika zaidi ni kung'oa. Mara nyingi sababu yake ni kuchelewa kwa mgonjwa. Mkazi wa Mpanda aliyevunjika jino la mbele kwa kuanguka na bodaboda, au ambaye jino lake limeoza hadi kubaki kisiki, huona kwamba hakuna tena la kufanya. Hata hivyo, mzizi ukiwa bado mzima, jino hilo huweza kujengwa upya na kutumika kwa miaka mingi.

Kazi hiyo huanzia ndani ya mzizi. Daktari wa meno huondoa kiini kilichokufa, husafisha mfereji kilimokuwa na kuujaza. Endapo sehemu ya jino iliyobaki juu ya ufizi ni ndogo mno kushikilia jino jipya, sehemu ya ujazo huo hutolewa na nguzo nyembamba hutiwa mahali pake. Ujazo wa milimita 4 hadi 5 huachwa kwenye ncha ya mzizi ili kuzuia vijidudu. Juu ya nguzo hujengwa kisiki bandia, kisha jino hufunikwa kwa taji.

Awali nguzo nyingi zilikuwa za chuma. Kuanzia miaka ya 1990 zilienea nguzo za nyuzi, ambazo chimbuko lake ni Ufaransa, na leo nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo. Nguzo hizi hunepa kidogo, karibu sawa na jino lenyewe, hivyo hupunguza hatari ya mzizi kupasuka. Kwa upande mwingine, uimara wake hutegemea sana saruji ya resini inayoziunganisha na kuta za mzizi. Ndiyo maana hitilafu inayoonekana zaidi kwa nguzo za nyuzi ni kuachia na kuchomoka.

Msingi wa kugandisha resini kwenye jino uliwekwa mwaka 1955, pale Michael Buonocore wa Marekani alipoonyesha kwamba tabaka gumu la nje la jino likipakwa asidi hupata vishimo vidogo ambamo resini hushika. Ndani ya mzizi tabaka hilo halipo. Kuna dentini tu, ambayo ina unyevu na vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na mahali penyewe ni pembamba na penye giza. Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo.

Ugumu wa kwanza ni mwanga. Saruji nyingi za resini hukazwa kwa taa maalumu ya bluu, lakini mwanga huo hufifia kadiri unavyoshuka. Kwa sababu hiyo hutumika saruji inayokaza kwa mwanga na kwa kemikali zake yenyewe. Hata hivyo, kwa kawaida mshiko wa karibu na ncha ya mzizi huwa dhaifu kuliko ule wa karibu na ufizi.

Ugumu wa pili ni kunywea. Resini hupungua ujazo inapokaza, kama tope la kukandika ukuta linavyopasuka likikauka. Ndani ya mfereji saruji imezungukwa na kuta pande zote, hivyo inaponywea hujivuta na huweza kubanduka.

Ugumu wa tatu ni usafi. Mabaki ya ujazo wa awali huzuia saruji kugusa dentini. Dawa za kujazia zenye mafuta ya karafuu huweza kuizuia kukaza vizuri. Hata dawa ya kusafishia mfereji, ambayo ni ya jamii moja na maji ya kung'arishia nguo, hudhoofisha mshiko isipooshwa vyema. Mate yakiingia huharibu kazi, na dentini ikikaushwa kupita kiasi nayo haishiki vizuri. Zipo saruji za kisasa zisizohitaji kutanguliwa na asidi wala gundi nyingine. Hizo hupunguza hatua, lakini haziondoi haja ya usafi.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba nguzo haiuongezei mzizi nguvu. Kazi yake ni kushikilia kisiki bandia. Nguvu hutokana na jino la asili lililobaki. Wataalamu hupendelea ukingo wa jino zima wenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 juu ya ufizi, ambao taji huukumbatia pande zote. Kila mwezi wa kuchelewa huweza kuula ukingo huo.

Huduma hii haitolewi katika kila kituo. Mgonjwa huanzia kituo kilicho karibu naye na kupewa rufaa kwenda ngazi ya juu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Ikibidi, huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mpanda. Kwa gharama hiyo, ni vema mwananchi aulize mapema idadi ya mahudhurio na malipo yake, kisha akamilishe yote. Mzizi ulioachwa na kizibo cha muda kwa miezi mingi huingiwa na mate na kuoza upya.

Nguzo au taji likichomoka, lihifadhiwe na kupelekwa kwa daktari mapema. Lisirudishwe kwa gundi ya dukani. Ikiwa mzizi haujapasuka, mara nyingi hugandishwa tena. Mzizi uliopasuka kwa urefu ndio ambao kwa kawaida hauna budi kung'olewa.

Wananchi wanakumbushwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na kufika kituoni jino linapoanza kutoboka, kabla halijabaki kisiki.