Kwa nini Ziwa Jipe lisiletewe samaki wa kigeni

MKAZI wa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, hana ziwa la kuvua. Kwake hata maji ya kunywa ni adimu. Hata hivyo, kaunti yake ya Taita Taveta ina maziwa mawili ya maji baridi, Jipe na Chala, yaliyo upande wa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania.

Jipe ni ziwa dogo, la kiasi cha kilomita 30 za mraba, na kina chake hakifikii mita tatu. Mto Lumi huliletea maji kutoka Kilimanjaro, na Mto Ruvu huyatoa kuelekea Pangani. Humo mna ngege asiye na asili kwingine ila katika bonde la Pangani, ambaye wanasayansi walimpa jina la ziwa hilo mwaka 1955: Oreochromis jipe. Chala, lililo ndani ya kasoko ya volkano, nalo lina ngege wake, Oreochromis hunteri. Wote wawili wameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Mvuvi ambaye nyavu zake zinarudi tupu aweza kudhani kwamba dawa ni kupandikiza samaki wengine. Ziwa Naivasha lafunza vingine. Mwaka 1929, samaki aina ya besi kutoka Marekani walitiwa humo kwa ajili ya wavuvi wa ndoana wanaotafuta burudani. Besi hula samaki wenzake, na huwavizia kandokando ya magugu. Burudani ilipatikana, lakini samaki mmoja mdogo wa asili wa Naivasha hajaonekana tangu mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu.

Aidha, mgeni si lazima awe mla samaki ndipo alete madhara. Ngege kutoka Ziwa Victoria walipandikizwa katika bonde la Pangani katika karne iliyopita. Ngege wa aina zinazokaribiana huweza kuzaana, na chotara wakizidi, ukoo wa asili humezwa bila kelele.

Basi tiba iko wapi? Iko katika maumbile ya ngege mwenyewe. Dume huchimba kiota chini ya maji. Jike huyabeba mayai kinywani hadi yaanguliwe, kisha huwalinda vifaranga. Jike mmoja akinaswa wakati huo, kizazi kizima hupotea. Nyavu zenye macho madogo huongeza hasara hiyo, huku tope linaloletwa na mito likifukia mazalio na magugu yakizidi kulibana ziwa.

Kwa hiyo, kuhifadhi kingo za Lumi, kupunguza magugu na kuheshimu ukubwa wa macho ya nyavu kutamfaa mvuvi wa Jipe kuliko samaki yeyote wa kuletwa. Tena kazi hiyo ni ya nchi mbili: samaki hajui mpaka.