Minova na Mgombea wa Wanyonge

Minova ni mji mdogo wa soko na bandari ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe, upande wa kaskazini kabisa wa mkoa wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mahali ulipo panaeleza mengi kuhusu siasa yake. Kiutawala wakazi wake wako chini ya Bukavu, makao makuu ya mkoa, yaliyo mbali nao zaidi ya kilomita 100 kwa njia inayofuata kingo za ziwa, ilhali kibiashara wanategemea Goma, ambayo iko karibu zaidi lakini ni ya mkoa mwingine. Hadi vita vya mwaka 2025 mbunge wao wa mkoa alikaa Bukavu, yule wa taifa hukaa Kinshasa, na mama anayesafirisha maharagwe na viazi vyake kwa boti hadi Goma hukutana na watoza ushuru kila ashukapo, bila kujua ni nani aliyeutunga ushuru huo wala ni nani awezaye kuufuta. Katika pengo hilo kati ya mpiga kura na mwakilishi wake ndipo wanapofanya kazi wanaharakati wa mashinani, yaani raia wa kawaida kama walimu, wanafunzi, madereva wa pikipiki, wakulima na wanawake wa sokoni, wanaojipanga kuanzia kijijini bila cheo wala mshahara, ili mambo ya umma yaendeshwe kwa manufaa ya wengi.

Baadhi yao hutamani kwenda mbele zaidi ya maandamano na kumsaidia mgombea wa mrengo wa maendeleo ashinde uchaguzi, na kwa jina hilo wanamaanisha mtu anayetanguliza haki ya mkulima kumiliki shamba analolima, usalama wa mwanamke, maji, shule na matumizi ya wazi ya fedha za umma, badala ya maslahi ya wenye mashamba makubwa na ya wakubwa wa chama. Kazi hiyo si ngeni Kalehe. Ilifanyika huko kabla ya uhuru, tena kwa mafanikio ambayo wanaharakati wa leo bado hawajayafikia.

Mwaka 1958 kilianzishwa Bukavu chama kilichojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CEREA, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Anicet Kashamura, mtoto wa Kalehe. Ili kuelewa kwa nini chama hicho kilipata wafuasi haraka, ni lazima kukumbuka hali ya ardhi ya Kivu wakati ule. Tangu mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikuwa imeikabidhi Kamati ya Taifa ya Kivu, shirika lenye mamlaka ya kugawa ardhi, maeneo mapana ambayo yaligeuzwa mashamba ya walowezi ya kahawa, chai na kwinini, huku wenyeji wakisukumwa milimani au wakibaki kama vibarua kwenye ardhi ya babu zao. CEREA haikuhitaji kuwafundisha wakulima kwamba walikuwa na madai, kwa sababu kila familia iliyajua. Ilichofanya ni kuyakusanya madai hayo, kuyapa sauti moja na kuyapeleka kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama kilipata viti 10 kati ya 137 vya Baraza la Wawakilishi, na kikashindana na chama cha PNP, kilichopendelewa na maafisa wa kikoloni. Jean Miruho wa CEREA akawa rais wa kwanza wa serikali ya mkoa wa Kivu, na Kashamura akaingia katika serikali ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba akiwa waziri wa habari.

Serikali ya Lumumba iliangushwa kabla ya kutimiza miezi mitatu, na CEREA yenyewe ikagawanyika kwa ugomvi wa viongozi wake, jambo ambalo halipaswi kufichwa kwa sababu tu mwanzo wake ulikuwa mzuri. Hata hivyo, kilichotokea mwaka 1960 kinaonyesha kwamba malalamiko ya mashambani, yakipangwa vizuri, yanaweza kuwa kura, na kwamba mgombea aliyetoka katika malalamiko hayo anaweza kufika hadi serikalini bila kuwa tajiri.

Chini ya Rais Mobutu, chama kimoja cha MPR kilipofunga mlango wa ushindani, nguvu hiyo ilihamia katika vyama vya wakulima na mashirika ya maendeleo. Bukavu ikawa kitovu chake, na Mobutu alipolazimika kuruhusu vyama vingi mwaka 1990, mashirika ya kiraia ya Kivu yalikuwa kati ya yaliyojipanga vizuri zaidi nchini. Mfano mkubwa ni Pierre Lumbi, aliyetoka katika shirika la wakulima la Solidarité Paysanne, akaingia siasani na baadaye kuongoza chama cha MSR, ambacho katika uchaguzi wa mwaka 2006 kilipata viti 27 vya Bunge la Taifa. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya mbegu na bei ya mazao uliweza kweli kuzaa wabunge, lakini chama hicho kiliingia katika muungano wa Rais Joseph Kabila na kubaki humo kwa karibu muongo mzima, hadi mwaka 2015 kilipojitenga kwa sababu ya suala la muhula wa tatu wa rais huyo. Wakulima wengi waliobaki vijijini hawakuona tofauti kubwa kati ya wabunge waliotoka kwao na wale wa zamani, na ni vigumu kuwalaumu.

Bila kukumbuka kukatishwa tamaa huko, ni vigumu kuelewa msimamo wa kizazi kilichofuata. Mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha LUCHA, harakati ya raia inayopigania mabadiliko bila kutumia silaha, na mwaka 2015 harakati nyingine iitwayo Filimbi ikazinduliwa Kinshasa. LUCHA ilianza na mambo ya karibu kabisa, kama vile uhaba wa maji, ukosefu wa ajira na ubovu wa barabara, kisha ikajitosa katika suala la muhula wa rais, ambao ibara ya 220 ya Katiba inakataza kuubadilisha. Wanaharakati Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa Machi 2015 wakafungwa hadi Agosti 2016, na mwenzao Rebecca Kabugho alifungwa Goma mwaka 2016 akiwa bado kijana. Mawazo ya harakati hizo hayakuishia mjini, kwa sababu vijana wa Kalehe wanaosoma Goma na Bukavu huyabeba kurudi kwao. Lakini LUCHA ilijiwekea tangu mwanzo sharti la kutokuwa chama na kutomfanyia kampeni mgombea yeyote, kwa kuwa waasisi wake waliona jinsi waliowatangulia walivyomezwa na madaraka.

Sharti hilo limewapa heshima kubwa, na pia limewagharimu. Harakati za raia za Kivu zilishinda barabarani, kwani Kabila hakupata muhula wa tatu, lakini sanduku la kura ziliwaachia wenye fedha na wenye magari ya kampeni, ambao hufika Minova wiki chache kabla ya uchaguzi wakigawa vitenge, fulana, chumvi na sabuni. Raia aliyeandamana kudai barabara hujikuta siku ya kura hana jina la kuchagua kwenye orodha isipokuwa la yule aliyeshindwa kuijenga. Kutokuwa na chama ni msimamo unaoeleweka kwa harakati, ila mtu akiuchukulia kuwa msimamo wa raia wote, basi siasa inabaki mikononi mwa wale wale.

Wapo waliojaribu kuvuka pengo hilo. Floribert Anzuluni, mmoja wa waasisi wa Filimbi, aligombea urais mwaka 2023. Mwaka huohuo Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, alitangaza kugombea baada ya wafuasi wake kuchanga fedha za dhamana, yaani kiasi ambacho sheria humtaka kila mgombea alipe ili jina lake lipokelewe. Kwa urais mwaka 2023 dhamana ilikuwa faranga milioni 160, nayo haikumrudia mgombea. Kwa watu wa Minova jina la Mukwege si la magazetini tu. Novemba 2012, majeshi ya serikali yaliyokuwa yakirudi nyuma baada ya Goma kutekwa na waasi yalibaka zaidi ya wanawake na wasichana 100 katika eneo la Minova, na katika kesi iliyofuata, iliyohukumiwa Mei 2014, askari 39 walishtakiwa lakini ni wachache tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi, wengine wakiwa wamejifunika nyuso, walifanya tendo la kisiasa zito kuliko hotuba nyingi za kampeni. Pamoja na hayo yote, Mukwege alipata chini ya asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Heshima ya daktari na uchungu wa wananchi havikugeuka kura, kwa sababu katika vijiji vingi hakukuwa na mtu wa kumsemea, wala wa kulinda fomu za matokeo siku ya kuhesabu.

Kazi ya kumuunga mkono mgombea huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwanza ni uandikishaji, ambao kwa mikoa ya mashariki ulianza Februari 2023. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika pia kama kitambulisho nchini Kongo, hivyo kumsaidia bibi kizee afike kituoni ni kumpa hati anayoihitaji kila anaposafiri. Pili ni orodha ya madai, yaani waraka ambao wananchi wenyewe huuandika na kumtaka mgombea autie saini mbele ya watu kabla hawajamwahidi kura zao. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua zaidi ya watu 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, humo humo Kalehe, ilidhihirika kwamba suala la mahali watu wanapojenga na la misitu inayokatwa milimani linastahili kuwemo katika waraka wa namna hiyo. Tatu ni mashahidi, yaani watu ambao sheria inawaruhusu kukaa ndani ya kituo kwa niaba ya mgombea, wakashuhudia kuhesabiwa kwa kura na kupata nakala ya matokeo. Asiye na mashahidi hana njia ya kuthibitisha kwamba ameibiwa, na wizi si jambo la kudhaniwa tu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2023 Tume ya Uchaguzi yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, ikiwemo kupatikana kwa mashine za kupigia kura mikononi mwa watu binafsi.

Hata kazi hiyo yote ikifanyika vizuri, sheria imeweka ukuta. Tangu mwaka 2017 kuna kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho orodha ya wagombea ni lazima ikifikie kabla ya kugawiwa kiti chochote: asilimia 1 ya kura za nchi nzima kwa Bunge la Taifa, na asilimia 3 ya kura za mkoa kwa baraza la mkoa. Mwaka 2023 walipiga kura watu wapatao milioni 18, kwa hiyo asilimia 1 ni takriban kura 180,000, hesabu ambayo mwalimu au mkulima wa Minova anayejitegemea hawezi kuifikia hata akipendwa na Kalehe nzima. Analazimika kuingia katika kundi la vyama linaloongozwa kutoka Kinshasa, na huko ndiko nafasi kwenye orodha hutolewa kwa anayeweza kuilipia. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza sharti kwamba kundi liweke wagombea kwa angalau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa. Marekebisho hayohayo yalileta jambo moja jema: orodha yenye wanawake nusu kwa nusu na wanaume husamehewa dhamana. Kwa wanawake wa Minova, ambao ndio nguzo ya soko na ya vyama vya kuweka na kukopa, hiyo ni njia ya wazi zaidi kuliko zote zilizopo, na haijatumiwa inavyostahili.

Yote hayo sasa yako chini ya kivuli cha vita. Katika uchaguzi wa mwaka 2023 Minova ilipiga kura, lakini majirani wake wa Masisi, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, hawakupiga kwa sababu ya mapigano. Siku chache kabla ya uchaguzi huo Corneille Nangaa, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi wakati wa uchaguzi wa mwaka 2018, alitangaza mjini Nairobi muungano wa AFC, unaoshirikiana na waasi wa M23. Tarehe 21 Januari 2025 M23 waliingia Minova, siku chache baadaye wakaichukua Goma, na kufikia katikati ya Februari walikuwa Bukavu. Kwa mwanaharakati, mji ulio chini ya utawala wa bunduki hauna mkutano wa hadhara wala waraka wa madai, na yeyote anayejulikana kwa kuuliza maswali ana sababu ya kuhama.

Uchaguzi ujao wa rais na wa wabunge unatarajiwa mwaka 2028. Wale wanaozungumzia amani ya mashariki, iwe katika mazungumzo ya serikali na waasi au katika vikao vya maaskofu na wachungaji, waweke mezani pia haki ya mtu wa Minova kugombea bila kununua nafasi kwa mkubwa wa chama, na Bunge lipunguze kizingiti, au angalau lifanye kihesabiwe ndani ya wilaya, kabla uandikishaji mwingine wa wapiga kura haujaanza.