Miaka Ishirini ya Mbunge wa Handeni

Wazee wa Tanga hawana haja ya kuambiwa Dakta Abdallah Kigoda alikuwa nani. Haya twawaandikia zaidi vijana. Watu wa Handeni walimpeleka Bungeni mwaka 1995, wakamrudisha 2000, 2005 na 2010. Katika muda huo alikabidhiwa wizara ya nishati na madini, ya mipango na ubinafsishaji, na mwaka 2012 ya viwanda na biashara. Ubinafsishaji ndio uliokuwa mzigo mzito kupita yote: mali ya umma, iliyojengwa kwa jasho la wananchi, ilitiwa mikononi mwa watu binafsi, na katika jambo kama hilo waziri ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Na nyumbani je? Handeni ni nchi kavu, na shida ya maji haikwisha katika zama zake. Twaona ni haki kulitaja hilo pamoja na sifa zake, kwani mbunge huulizwa kwanza na waliomtuma.

Aligombea mara ya tano, lakini tarehe 12 Oktoba 2015, zikiwa zimebaki siku 13 kura zipigwe, alifariki dunia huko India alikokwenda kutibiwa. Uchaguzi wa Handeni Mjini ukaahirishwa, na mwezi Desemba wapiga kura wakamchagua mwanawe, Omari.