Kwa Gari Kutoka Salem Hadi Savannah

Barabara kuu namba 95 inaanzia mpakani mwa Kanada, katika jimbo la Maine, na kuishia Miami, Florida. Ni zaidi ya kilomita 3,000, na inapita majimbo 15. Kipande kinachowavuta wapenda historia ni cha katikati, baina ya Salem, Massachusetts, na Savannah, Georgia, kiasi cha kilomita 1,700. Huko ndiko iliko miji iliyozaliwa kabla ya Marekani yenyewe, na mume na mke wenye gari la kukodi hukimaliza kipande hicho kwa siku kumi hadi wiki mbili bila kukimbizana. Vitabu vya watalii huipanga safari hii kwa marais na vita. Lakini karibu miji yote hii ni ya bandari, kama Mombasa, Lamu au Unguja, na anayetaka kuielewa ni heri aanzie gatini, ajue kilichopakiwa na kilichoshushwa.

Salem inajulikana kwa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mwingine mmoja akafa kwa kurundikiwa mawe kifuani. Mji bado unaliuza jina hilo. Oktoba mitaa hujaa watu waliovaa kofia ndefu nyeusi, na pa kuegesha gari hapapatikani. Biashara hiyo imewafaa wenye maduka, ila imeifunika Salem nyingine, ya mabaharia. Hiyo hubaki kimya kando ya gati la Derby, linaloingia baharini karibu mita 800. Kulikabili gati ni jengo la forodha la mwaka 1819, ambalo mwandishi Nathaniel Hawthorne aliwahi kufanya kazi humo.

Hapa Mswahili yupo nyumbani kuliko anavyodhani. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, huko Maskati. Miaka minne baadaye Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akateremka Unguja akiwa konseli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na New Hampshire. Watu wa pwani wakakiita merikani. Kikapimwa kwa doti, kikafungwa mizigo, kikabebwa bara na misafara, na huko kikawa ndiyo fedha: kwacho walilipwa wapagazi, na kwacho ilitolewa hongo ili msafara uruhusiwe kupita. Meli zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi ilisafishwa Salem kwenyewe kabla ya kuyeyushwa kuwa vanishi ya kupakia samani. Vitu ambavyo manahodha walivikusanya njiani ndivyo vilivyoanzisha makumbusho ya Peabody Essex, yaliyotokana na chama cha mabaharia cha mwaka 1799. Hakuna aliyeingia chama hicho kabla hajaizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn.

Boston iko kilomita 25 tu kusini. Gari halina faida humo. Mitaa ya zamani ni myembamba na imejipinda, maegesho ni ghali, na wengi huliacha nje ya mji wakapanda treni. Katikati ya mji umepigwa mstari mwekundu njiani, wenye urefu wa kilomita nne, unaounganisha sehemu 16 za kihistoria, na mtu huufuata tu kwa miguu. Mstari huo hupita mahali ambapo, Machi 1770, askari wa Kiingereza waliwaua kwa risasi watu watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika. Bandarini ndipo wenyeji waliojipaka rangi usoni walipomwaga makasha 342 ya chai, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, kwa hasira ya kodi ambayo hawakuulizwa.

Kutoka Boston kwenda New York madereva wengi hawasimami. Wanakosa vijiji viwili vya Connecticut, kilomita chache juu ya mdomo wa mto Connecticut: Deep River na Ivoryton, ambacho jina lake lenyewe limetokana na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 viwanda vya hapo vilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa duniani wa pembe zilizopitia Unguja. Pembe zilikatwa vipande vyembamba, kisha vikaanikwa juani wiki kadhaa ndani ya vibanda vya kioo mpaka vikawa vyeupe, na mwisho vikagandishwa juu ya vibonyezo vya piano. Pembe iliyobebwa begani miezi kadhaa mpaka Bagamoyo iliishia chini ya vidole vya binti aliyekuwa akijifunza muziki sebuleni. Leo vijiji vyenyewe ni vitulivu, vya nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe.

Kuelekea New York tozo za barabara na madaraja huongezeka. Vituo vingi havipokei tena fedha taslimu; kamera husoma namba ya gari na bili humfuata aliyelikodi, pamoja na ada ya kampuni. Ni bora kuulizia kifaa cha kulipia tangu siku ya kuchukua gari. Kampuni kadhaa hazimtozi mume au mke anayeandikishwa kuwa dereva wa pili, na hilo lina maana, kwa kuwa barabara hii inahitaji mmoja ashike usukani na mwenzake asome mabango.

New York ilianza kuwa kituo cha Waholanzi katika miaka ya 1620, kabla Waingereza hawajaichukua mwaka 1664. Wall Street ni njia iliyopita kando ya ukuta wa Waholanzi. Tarehe 30 Aprili 1789 George Washington aliapishwa hapo kuwa rais wa kwanza. Miaka 51 baadaye, siku hiyohiyo ya Aprili 30, iliingia bandarini meli ya Sayyid Said iitwayo Sultana, chini ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe. Watu walijazana kuitazama. Mchoraji Edward Mooney alimchora mjumbe huyo akiwa na kilemba chake, na serikali ya Marekani ikaitengeneza meli kwa gharama yake kabla haijarudi.

Mwendo wa dakika chache kutoka Wall Street kuna makaburi ambayo mji ulikuwa umeyasahau. Mwaka 1991 wajenzi wa jengo la serikali walifukua mifupa. Ilikuwa ni sehemu ya uwanja wa kuzikia Waafrika, watumwa na huru, wanaokadiriwa kufikia 15,000. Mabaki ya watu 419 yalichunguzwa, yakazikwa tena mwaka 2003, na mahali hapo sasa ni mnara wa kumbukumbu wa taifa.

Philadelphia ndiyo inayostahili siku mbili kamili. William Penn aliuasisi mwaka 1682. Ndani ya jengo moja la matofali mekundu lilipitishwa Azimio la Uhuru mwaka 1776, na mwaka 1787 ikaandikwa Katiba. Kengele ya Uhuru, yenye uzito wa zaidi ya kilo 900 na ufa usiozibika, imewekwa ng'ambo ya njia. Hatua chache kutoka kwenye kengele hiyo ilisimama nyumba ya rais, wakati Philadelphia ilipokuwa makao makuu. Washington aliishi humo na watumwa tisa kwa nyakati mbalimbali. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa jimboni miezi sita mfululizo. Kwa hiyo Washington alihakikisha watu wake wanavushwa mpaka kabla miezi hiyo haijatimia, kisha wanarudishwa na hesabu inaanza upya. Mwaka 1796 Ona Judge, kijakazi wa mke wa rais, alitoka nyumbani wakati mabwana zake wakila, akapanda meli iliyokwenda Portsmouth, New Hampshire. Walimtafuta, hawakumpata kwa nguvu wala kwa maneno laini. Alifariki mwaka 1848 bila kurudishwa. Portsmouth nayo iko kwenye njia hiihii ya 95, chini ya saa moja kaskazini mwa Salem.

Baltimore huvukwa chini ya maji, kwa handaki. Anayeshuka hadi Fells Point ataona viunga ambamo Frederick Douglass, akiwa bado mtumwa, alijifunza kukalafati meli. Mwaka 1838 alitoroka kwa treni akiwa na mavazi ya baharia na hati za kuazima. Washington, mji mkuu, si mji wa kale wala wa bandari kwa kiwango cha wenzake. Ulipangwa kwenye karatasi baada ya mwaka 1790. Makumbusho ya Smithsonian hayatozi kiingilio, na hiyo pekee ni sababu ya kulala usiku mmoja.

Virginia, baada ya Richmond, inafaa kuiacha barabara kuu na kugeukia mashariki. Njia tulivu ya kilomita 37 inaunganisha Jamestown, makazi ya Waingereza ya mwaka 1607; Williamsburg, mji uliofanyiwa ukarabati kuanzia miaka ya 1920 hadi ukafanana na karne ya 18; na Yorktown, ambako jeshi la Uingereza lilisalimu amri mwaka 1781. Mbele kidogo, Point Comfort, ndipo waliposhushwa mwaka 1619 Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola.

Kisha ni misonobari mitupu, siku nzima ya usukani, mpaka Charleston. Mji huu wa mwaka 1670 ulitajirika kwa mpunga uliolimwa na watumwa, ambao wengi wao waliijua kazi hiyo tangu kwao Afrika Magharibi. Kwenye gati la Gadsden, walikoshushwa makumi ya maelfu ya watu kabla biashara hiyo haijapigwa marufuku mwaka 1808, limejengwa jumba la makumbusho ya Waafrika wa Marekani, lililofunguliwa mwaka 2023. Wajukuu wa wakulima hao, Wagullah, bado wanashona vikapu na nyungo kwa majani makavu yanayozungushwa duara juu ya duara, vilevile vya kupepetea mpunga. Katika maneno ambayo Waafrika waliyapandikiza kusini mwa Marekani limo la karanga, lililotokana na nguba ya Kikongo. Mtu wa Kinshasa halihitaji mkalimani. Ngome ya Sumter, palipopigwa mizinga ya kwanza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe tarehe 12 Aprili 1861, hufikiwa kwa mashua.

Savannah iko kilomita 170 mbele. James Oglethorpe aliuchora mwaka 1733 ukiwa na viwanja vya wazi kati ya nyumba. Vimebaki 22, vyenye kivuli cha mialoni inayoning'inia majani ya kijivu kama ndevu. Mwanzoni utumwa ulikatazwa Georgia, ukaruhusiwa mwaka 1751. Mwaka 1793, kwenye shamba lililo karibu na mji, Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, na kilimo hicho kikaenea kusini kote. Kando ya mto yangali maghala ya mawe na vivuko vya chuma ambako madalali waliyakagua marobota. Sehemu ya pamba ya kusini ilipanda kaskazini hadi viwanda vya Massachusetts na New Hampshire, ikafumwa merikani, ikapakiwa Salem, ikaenda kuvaliwa Unguja na Tabora.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliikata kamba hiyo ya biashara. Manowari za Kaskazini zilizifunga bandari za kusini, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake sokoni. Desemba 1864 Jenerali Sherman wa Kaskazini aliiteka Savannah, akampelekea Rais Lincoln simu ya maandishi ya kumzawadia mji huo kwa Krismasi, pamoja na marobota kama 25,000 ya pamba yaliyokuwa yamekwama maghalani.