Korongo wa Mombasa Road na sifa za Muumba

Tunapozungumza juu ya utukufu wa Mungu katika maumbile, wengi wetu hukimbilia theluji ya Mlima Kenya, mapambazuko ya Pwani au mijakaranda ya Nairobi inapochanua mwezi wa Oktoba. Sina ugomvi na hayo. Lakini je, umewahi kujiuliza kama Mungu huyo huyo aonekana pia katika korongo, yule ndege mwenye upara na mfuko ulioning'inia shingoni, ambaye tangu zamani amejulikana kwa kukaa juu ya migunga ya Mombasa Road, karibu na Uwanja wa Nyayo, na kuwachafulia nguo wapita njia?

Swali hili si la mzaha. Familia ya mjini huona korongo siku saba kwa juma. Mlima huuona mara moja moja, tena mawingu yakipenda. Ikiwa sifa za Mungu zimo katika vitu vya kupendeza pekee, basi mtoto anayelelewa Dandora, kando ya jaa la taka, ataziona wapi?

Tazama jinsi Bwana Yesu alivyofundisha. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, anapotaka kuwatuliza wanafunzi wake wasisumbukie chakula, anawaambia wamfikirie kunguru, asiyelima wala kuwa na ghala, naye Mungu humlisha. Angeweza kumtaja njiwa, ndege wa sadaka hekaluni. Kunguru alikuwa najisi kwa sheria ya Musa. Utamkuta katika orodha ya Walawi 11. Bila shaka baadhi ya wasikilizaji walikunja uso. Mungu analisha hata huyo?

Sasa mrudie korongo wetu. Husimama kiasi cha mita moja u nusu, na akikunjua mabawa yake hufikia mita mbili u nusu au zaidi. Upara wake si kilema: ndege atumbukizaye kichwa ndani ya mzoga angekuwa na manyoya, damu ingegandia humo na kuoza. Hula mizoga na mabaki ya machinjioni, akizoa uchafu ambao sisi tumeutupa na kuuacha. Kazi hiyo haina mshahara wala shukrani.

Kuna jambo jingine ambalo binafsi hunishangaza zaidi. Korongo huyu hutaga wakati wa kiangazi, msimu ambao wengi wetu huuhesabu kuwa wa dhiki. Vidimbwi vinapokauka, samaki na vyura hubanwa mahali padogo, na kuwakamata huwa rahisi. Hivyo makinda huanguliwa wakati wazazi wanaweza kuwashibisha. Baba na mama hupokezana kulalia mayai kwa takriban mwezi mmojo, kisha kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu akilishwa. Mimi huona hapo Mungu asiyedharau kazi chafu, na aliyeweka riziki mahali ambapo sisi tunaona ukame tu.

Wahubiri wengi huishia hapo, wakapigiwa makofi. Lakini watoto wetu wanasoma, na watauliza. Korongo huyo huyo huwavamia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Bogoria, akawaua na kuwala. Na mvua tunayoiita baraka ilileta maafa usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, maji yalipobomoa tuta la reli na kuzoa nyumba watu wakiwa usingizini. Makumi walikufa. Ilielezwa baadaye kuwa njia ya maji chini ya reli ilikuwa imeziba, kwa hiyo si kila msiba ni wa kumtwika Mungu. Hata hivyo, aliyefiwa hawezi kuambiwa atazame mawingu aone upendo.

Kwa maoni yangu, Biblia yenyewe ni kweli zaidi kuliko mahubiri yetu mengi. Paulo, katika Warumi sura ya kwanza, anasema viumbe huonyesha uweza wa Mungu na uungu wake. Katika sura ya nane anakiri kwamba viumbe hivyo vinaugua. Upendo wenyewe anauonyesha kwingine, katika sura ya tano, pale Kristo alipowafia wenye dhambi. Anayetaka maumbile peke yake yamfundishe yote juu ya Mungu anayadai yasichokuwa nacho.

Naye Ayubu, aliyezika watoto kumi, hakupewa maelezo. Kuanzia sura ya 38, Mungu anamtembeza katika uumbaji: mvua inayonyesha nyikani pasipokaa mtu, mbuni anayesahau mayai yake, tai ambaye makinda yake hufyonza damu. Damu haikufichwa. Ayubu anaonyeshwa ulimwengu mpana kuliko msiba wake, na Mungu anayemjua kila mmoja humo. Ajabu ni kwamba ananyamaza, tena kwa heshima, ingawa swali lake la kwanza halikujibiwa.

Basi Jumapili hii mkitoka kanisani, wewe mzazi, simama na wanao mahali penye korongo, hapalipiwi kiingilio. Mpe kila mtoto dakika tano za kutazama kimya, kisha mmoja mmoja aseme alichokiona. Usiharakishe kuhubiri.

Yumkini mmoja atauliza kwa nini miguu ya ndege huyu ni myeupe. Mwambie ukweli: ngozi yake ni ya rangi nyeusi-nyeusi, weupe ule ni kinyesi. Jua likizidi, korongo hujinyea miguuni, na majimaji yale yakikauka humpunguzia joto. Watacheka sana, nawe cheka nao.